Nunua kitambaa, usinunue umbo

Sehemu ya familia na matumizi ya nyumbani. Isomwe polepole. Palipoandikwa MUZIKI, msomaji apumzike kidogo.

Uwe Nyarugusu au Nakivale, Kakuma au Musasa, somo la leo linakuhusu, kwa sababu mtoto hakui kwa kufuata ratiba ya mgao. Gauni la mwaka jana limepanda juu ya magoti. Kaptura ya shule imetoboka pa kukalia. Na pale sokoni wametandaza mitumba. Uganda wanaiita mivumba, Rwanda wanaiita caguwa, lakini nguo ni zilezile.

Tatizo sote tunalijua. Fedha ya nguo hutoka mfuko uleule unaotoa fedha ya chumvi, sabuni na kuni. Zipo nyumba zinazouza sehemu ya unga wa mgao ili mtoto apate kaptura. Kaptura hiyo ikichanika baada ya kufuliwa mara mbili, unga umekwenda na mtoto yuko palepale. Kwa hiyo leo tutaeleza mambo matatu: jinsi ya kuchagua nguo iliyokwisha kuvaliwa, jinsi ya kuigeuza iwe nguo nyingine, na jinsi ya kujua kama kuigeuza kuna faida au hakuna.

MUZIKI

Tuanze sokoni. Nguo hizi hufika bandari za Mombasa na Dar es Salaam ndani ya makontena, zimebanwa katika marobota na kupangwa kwa aina: mashati ya kiume peke yake, magauni peke yake, sweta peke yake. Mchuuzi hununua robota bila kujua kila kilichomo ndani. Robota likifunguliwa, wanaochagua kwanza hulipa zaidi. Jioni, au siku zinazofuata, bei hushuka, na yanayobaki mara nyingi ni makubwa mno au yenye mtindo ambao hakuna anayeutaka.

Hapo ndipo pana nafasi yako, mama, na wewe baba. Shati pana la mwanaume mnene halina mnunuzi, lakini lina kitambaa kingi. Gauni refu la sherehe lenye kola ya ajabu halivaliki, lakini sketi yake ni kitambaa kizima kisicho na mshono katikati. Ukienda kutafuta nguo ya kugeuza, usiulize, "Itanikaa?" Uliza, "Ina kitambaa kiasi gani, na kitambaa hicho bado kina nguvu?"

Nguvu ya kitambaa unaijua hivi. Inua nguo juu uitazame kuelekea jua. Panapopitisha mwanga kuliko pengine pamelika. Tazama hasa makwapani, kwenye ukosi, magotini, pa kukalia na katikati ya miguu. Kisha shika kitambaa kwa vidole gumba viwili na ukivute taratibu. Kikilia na kuanza kuachia, kirudishe mezani, kimeoza. Tundu lililo kwenye mshono lisikutishe, kwa kuwa sindano italimaliza. Tundu lililo katikati ya kitambaa ni kazi kubwa zaidi. Vidoa vyeusi vya ukungu na manjano ya makwapani mara nyingi havitoki. Kama sehemu hizo utazikata na kuzitupa, basi zitumie kuombea bei ipungue.

Zipu ifungue na kuifunga mara tatu. Lastiki ivute uone kama inarudi. Vifungo vihesabu.

Sasa finyanga kitambaa ndani ya ngumi kwa muda mfupi, kisha fungua. Pamba hubaki na makunyanzi. Polista na nailoni hujinyoosha zenyewe. Kwa nguo ya mtoto mdogo na ya kulalia, pamba ni bora: inanyonya jasho na haichomi mwili wakati wa joto. Tena kumbuka jiko la kuni. Nguo yoyote hushika moto, lakini nailoni na polista huyeyuka na kunata kwenye ngozi, na jeraha lake huwa baya. Polista ina faida yake pia: haififii rangi upesi na hukauka haraka, kwa hiyo inafaa sketi ya shule.

MUZIKI

Umefika nyumbani. Usiivae nguo hiyo, na usiikate, kabla ya kuifua.

Sababu ya kwanza ni afya. Chawa wa mwilini hutaga mayai kwenye mishono ya nguo, na vidudu vya upele vinaweza kukaa kwenye kitambaa kwa siku chache. Maji ya moto ambayo mkono hauwezi kuyavumilia huviua. Kama kuni ni chache, funga nguo ndani ya mfuko usiopitisha hewa au ndoo yenye mfuniko unaobana, uiache wiki mbili. Vidudu hivyo haviishi muda mrefu bila mwili wa mtu. Baada ya hapo fua kwa maji ya kawaida na sabuni.

Unapoanika, tumia kamba iliyo juani, si majani wala ardhi. Sehemu nyingi za ukanda wetu zina nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na buu lake huingia kwenye ngozi na kufanya uvimbe kama jipu. Nguo ikauke kabisa, na kama una pasi ya mkaa, ipitishe kote, na kwenye mishono irudie.

Sababu ya pili ni ushonaji. Pamba na sufu hupungua zikifuliwa. Ukikata kwanza na kufua baadaye, gauni ulilopima vizuri Jumamosi litambana mtoto Jumatatu.

MUZIKI

Tuchukue mfano mmoja wa kazi: shati kubwa la kiume liwe gauni la msichana wa miaka 4 au 5. Unahitaji sindano, uzi, mkasi na lastiki nyembamba.

Kwanza, funga vifungo vyote na ulitandaze shati juu ya mkeka. Kata kwa mstari ulionyooka kutoka kwapa moja hadi kwapa la pili. Sehemu ya chini sasa ni kama sketi pana, na ndiyo itakayokuwa mwili wa gauni. Vifungo vimekwisha kushonwa na mtu mwingine. Hiyo kazi umepewa bure.

Pili, kunja ukingo wa juu mara mbili, upana wa vidole viwili, ushone kuzunguka na kuacha mlango mdogo. Upitishe lastiki humo kwa pini. Lastiki iwe fupi kidogo kuliko mzunguko wa kifua cha mtoto, ili ishike bila kubana. Unganisha ncha zake, kisha ufunge ule mlango.

Tatu, mikono ya shati itoe kanda mbili za mabegani. Kata vipande virefu, vikunje ili nyuzi zisichanuke, vishone, kisha umvalishe mtoto gauni ndipo upime urefu wa kanda.

Nne, nyoosha sehemu ya chini na upinde pindo pana, kama upana wa kiganja. Usilikate hilo pindo eti limezidi. Mtoto akirefuka, utalifumua na kulishusha, na gauni litaendelea kuvaliwa.

Huna cherehani? Mshono wa mkono unaodumu ni ule wa kurudi nyuma: piga sindano mbele hatua moja, irudishe nusu hatua, kisha isonge tena. Unakwenda polepole, lakini uzi ukikatika mahali pamoja mshono wote haufumuki.

Kwa kaptura ya mvulana, tafuta suruali ya mtu mzima iliyochoka magotini. Chini ya magoti mara nyingi kitambaa kingali kizima. Kata miguu yote miwili, na pindo la zamani la suruali liwe pindo la kaptura, kwa hiyo hutalishona tena. Sehemu ya juu ifumue mshono wa ndani, uweke kaptura ya zamani ya mtoto iliyokunjwa katikati juu ya kitambaa, na ukate kwa kuifuata, ukiongeza upana wa vidole viwili kwa ajili ya mshono. Kama shule inadai rangi fulani, nenda sokoni na kipande cha sare ulinganishe juani, si kivulini.

Vipande vinavyobaki visitupwe. Vifungo na zipu ni mali. Pamba laini, ikikatwa na kushonwa tabaka kadhaa, hufaa kwa vitambaa vya hedhi, mradi vifuliwe kwa sabuni kila mara na kukaushwa kabisa juani.

MUZIKI

Sasa hesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Weka za soko lako. Tuseme gauni la mtoto lililo tayari ni shilingi 5,000 za Tanzania. Shati kubwa ni 1,500. Uzi na lastiki ni 700. Ukishona mwenyewe, gauni limekugharimu 2,200, na umebakiza 2,800. Ukimpa fundi akadai 2,000, jumla ni 4,200; umebakiza 800 tu. Fundi akidai 3,000, jumla ni 5,200, na hapo umepata hasara. Nunua lililo tayari.

Kwa hiyo ulizia bei ya fundi kabla ya kununua nguo ya kugeuza. Kama fundi ni ghali, mpe ile kazi moja iliyokushinda, labda kukata, na nyingine ufanye mwenyewe. Majirani watatu wakipeleka kazi pamoja, mara nyingi fundi hupunguza.

Mkubaliane mambo manne kabla mkasi haujagusa kitambaa: bei, siku ya kuchukua, nani analeta uzi na lastiki, na vipande vinavyobaki ni vya nani. Lipa nusu mwanzoni na nusu ukishaona mtoto amevaa. Ugomvi mwingi kati ya mteja na fundi hutokana na jambo ambalo halikusemwa, wala si kwamba mmoja wao ni mwizi.

Na wewe kijana uliye na cherehani, au uliyejifunza ushonaji na huna mtaji, sikia hili pia. Wengi wanaokuzunguka hawawezi kulipia nguo mpya, lakini wanaweza kulipia kupunguza kiuno, kubadilisha zipu, kugeuza ukosi uliochakaa ili upande mzima utokee nje. Kazi hizi ni ndogo, ila zinakuja kila siku.

Maswali ya kujadili katika kikundi cha wasikilizaji:

1. Katika soko letu, siku gani na saa ngapi bei ya mitumba hushuka?
2. Ni nani kati yetu anajua kukata, na anaweza kuwafundisha wengine kwa kutumia nguo iliyochakaa?
3. Nguo ya mwisho uliyonunua ilidumu miezi mingapi? Gawanya bei yake kwa miezi hiyo. Ilikuwa rahisi kweli?

Mpe jirani karatasi hii ukishaisoma.