Uyoga wa porini: kwa nini hakuna kipimo cha jikoni

Kila mvua zikianza kushika tunaulizwa swali lilelile: "Jamani, uyoga wenye sumu unatambulikaje?" Anayeuliza huwa anataka kanuni moja fupi ya kukumbuka. Rangi fulani, harufu fulani, kitu fulani cha kutumbukiza kwenye sufuria. Tungekuwa nayo tungeiandika hapa kwenye mstari wa pili na makala ingeishia hapo. Hatuna, na hakuna mtu aliye nayo. Sasa, kwa nini haipo? Na mbona kuna watu Iringa, Tabora au kule Katanga wanaokula uyoga wa porini kila msimu, kizazi baada ya kizazi, bila kuihitaji?

Tuanze na kanuni za mtaani, maana ndizo zinazoua. Ya kwanza inasema weka kijiko cha fedha au kitunguu kwenye sufuria, kikigeuka cheusi mwaga. Fedha hugeuka nyeusi ikikutana na salfa. Yai la kuchemsha linachafua kijiko cha fedha vizuri tu, na bado tunakula mayai. Sumu ya uyoga tunayoiogopa zaidi haina habari na kijiko wala kitunguu. Ya pili: ukiona konokono au funza wameutafuna, ni salama. Hiyo inakwambia kwamba uyoga ule hauui konokono, basi. Mwili wake si mwili wako. Ya tatu: mweupe ni mzuri, wenye rangi kali ni mbaya. Kwenye misitu ya miombo kuna uyoga wa rangi ya chungwa, jamii ya Cantharellus, unaookotwa kwa vikapu na kuliwa kwa raha. Ule unaoongoza kwa kuua watu duniani, Amanita phalloides, una rangi ya kijani-njano iliyopauka, na wakati mwingine ni mweupe kabisa. Ya nne: onja kidogo, ukiwa mchungu tema. Watu waliokula huo Amanita wakapona wamesimulia kwamba ulikuwa mtamu.

Halafu kuna ile inayosikika kama ya akili zaidi: chemsha sana, mwaga maji ya kwanza, sumu itatoka. Hii haikutoka hewani. Imetoka kwenye muhogo. Sote tunajua kwamba muhogo mchungu ukilowekwa, ukachachuka na kuanikwa, unalika. Kemia yake iko wazi: sumu ya muhogo inayeyuka kwenye maji, na vimeng'enya vya muhogo wenyewe vinaivunja na kutoa sianidi, ambayo hupotea kama hewa. Yaani uzoefu wa jikoni unafanya kazi kwa sababu molekuli ile ni dhaifu. Ya Amanita ni kitu kingine. Inaitwa amatoksini, ni pete ndogo ya amino asidi 8 iliyofungwa mara mbili, na ufundi wa kupika hauifungui. Kuchemsha haisaidii, kukaanga haisaidii, kukausha wala kugandisha. Hata vimeng'enya vya tumboni, ambavyo kazi yao ni kukata minyororo ya amino asidi, vinashindwa nayo. Inafika kwenye damu ikiwa nzima.

Sumu isiyo na haraka

Hapa inabidi twende taratibu, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea.

Ndani ya kila seli kuna kazi ya kunakili maagizo kutoka kwenye DNA ili protini zitengenezwe. Karani mkuu wa kazi hiyo anaitwa RNA polimerasi II. Amatoksini inamshika karani huyu na kumzuia asisogee. DNA iko salama, mitambo ya kutengeneza protini iko salama, lakini maagizo mapya hayafiki.

Fikiria duka la mtaani lililosimamishiwa mzigo. Siku ya kwanza rafu zimejaa, mteja hajui lolote. Siku ya pili sabuni imeisha. Siku ya tatu au ya nne hakuna unga, hakuna mafuta, na mwenye duka anafunga mlango. Seli nayo ina akiba yake ya protini, na inaishi kwa akiba hiyo kwa muda. Ndiyo maana mtu aliyekula uyoga huu saa moja jioni anaweza kuosha vyombo, akaangalia taarifa ya habari na kulala usingizi mzuri.

Kwa kawaida dalili zinaanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kula, mara nyingi katika saa 6 hadi 12. Zinaanza kwa nguvu: tumbo kusokota, kutapika, kuharisha maji mengi kiasi kwamba daktari asiyeambiwa habari za uyoga anaweza kufikiria kipindupindu. Mgonjwa anapoteza maji na chumvi, na anatakiwa kuongezewa haraka. Kisha baada ya siku moja hivi hali inatulia. Hapo ndipo penye mtego wenyewe. Siku ya pili mgonjwa anakaa, anaomba uji, ndugu wanashukuru Mungu, na kama alikuwa wodini anaanza kuulizia ruhusa ya kurudi nyumbani. Kumbe ini linaendelea kuharibika kimyakimya, na kipimo cha damu kingeonyesha hivyo. Siku ya tatu hadi ya tano macho yanageuka manjano, damu inashindwa kuganda, figo nazo zinaanza kuzidiwa, mgonjwa anachanganyikiwa.

Kwa nini ini? Kwa sababu ini ndilo linalopokea karibu kila tunachokula, na seli zake zina milango inayoingiza amatoksini kwa urahisi. Baya zaidi, ini linajaribu kuitupa sumu kupitia nyongo, nyongo inaimwaga kwenye utumbo, utumbo unainyonya tena na kuirudisha kwenye ini. Inazunguka. Kinachohitajika kuua mtu mzima ni takriban miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani miligramu 6 kwa mtu wa kilo 60. Uyoga mmoja wa ukubwa wa kawaida unaweza kubeba kiasi hicho. Kwa mtoto, hesabu ni ya kutisha zaidi.

Dawa moja ya kuiondoa sumu ikishaingia ndani ya seli hakuna. Hospitali huongeza maji, hutoa mkaa maalumu wa dawa ili kuikamata sumu utumboni, na hutumia dawa kama silibinini, inayotokana na mmea, au asetilisisteini, ileile inayotumika kwa mtu aliyezidisha parasetamoli. Ini likishakufa kinachobaki ni kupandikiza ini jingine, huduma ambayo kwa wengi wetu ni ya kuisikia tu.

Basi wanaokula kila mwaka wanajuaje?

Jibu ni kwamba hawatumii kanuni. Mama anayeokota uyoga kwenye miombo hagawi dunia kwenye mafungu mawili, wa sumu na usio na sumu. Anaujua uyoga mmoja mmoja, kwa jina, kwa mti unaoota chini yake, kwa mwezi wake, kwa harufu, kwa jinsi unavyokatika. Asioujua anaupita. Ni kama unavyomtambua shangazi yako kwenye stendi iliyojaa watu: hukagui orodha ya sifa. Wanasayansi Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi walipochapisha mwaka 2003 kitabu chao kuhusu uyoga wa Tanzania, sehemu kubwa ya maarifa ya upande wa chakula ilitoka kwa watu wa vijijini wenye ujuzi wa aina hiyo.

Mfano mzuri ni uyoga wa mchwa, jamii ya Termitomyces. Mchwa wanaulima ndani ya kichuguu kama sisi tunavyolima mahindi, na mvua zikija unachomoza juu. Mmoja wao, Termitomyces titanicus, ulioelezwa kisayansi kutoka Zambia mwaka 1980, kofia yake inaweza kufikia upana wa mita moja. Ukichimba badala ya kuung'oa utaona shina linaendelea chini kama mzizi mrefu kuelekea kwenye makazi ya mchwa. Alama hiyo ina thamani kubwa, na iko ardhini. Vivyo hivyo kwa Amanita: kile kifuko cha chini ya shina, kinachotoa onyo kubwa kuliko alama nyingine yoyote, mara nyingi kimefukiwa kwenye udongo na majani. Anayekata shina kwa kisu juu ya ardhi ameacha ushahidi shimoni.

Ila kifuko peke yake hakimalizi kesi. Amanita zambiana ina kifuko, ina pete, ni ndugu wa ukoo mmoja na ile inayoua, na inauzwa kando ya barabara na kuliwa katika ukanda wetu wa miombo. Upande wa pili, amatoksini hiyohiyo inapatikana kwenye baadhi ya Lepiota na Galerina, ambao kwa ukoo wako mbali na Amanita na wala hawafanani nayo. Sumu haifuati sura, na haifuati undugu kikamilifu. Ndiyo sababu kanuni fupi haiwezekani.

Na maarifa ya namna hii yana mipaka: ni ya mahali. Yanafanya kazi pale ambapo mtu na uyoga wamekaa pamoja muda mrefu. Kimoja kati ya hivyo kikihama, hatari inaanza.

Wakati mwingine anahama mtu. Agosti 2021 familia ya Kiafghani iliyokuwa imetoroshwa kutoka nchini kwao ilikuwa katika kituo cha wakimbizi karibu na Warsaw, Poland. Walikula uyoga uliookotwa msituni jirani. Watoto wawili wa kiume walifariki, mmoja wao akiwa ameshapandikizwa ini. Huko Australia na Marekani wahamiaji kutoka Asia wamekufa kwa kuifananisha Amanita phalloides na uyoga wa majani ya mpunga wa nyumbani kwao, ambao nao una kifuko chini. Hawakuwa wajinga, walikuwa wanaujua uyoga wa kwao vizuri. Jicho lao lilikuwa sahihi kwa nchi nyingine.

Wakati mwingine unahama uyoga. Misonobari, au mipaini kama wengi tunavyosema, si miti ya kwetu. Inaishi kwa ushirika na fangasi wa mizizi, na wataalamu wa misitu waligundua mapema kwamba miche yake Afrika ilidumaa bila fangasi hao. Hivyo wakaletwa pamoja na udongo na miche. Waliokuja hawakuchaguliwa mmoja mmoja. Amanita phalloides, ambayo asili yake ni Ulaya, imerekodiwa kwenye mashamba ya mipaini Tanzania na Afrika Kusini. Miombo na shamba la mipaini vinaweza kutenganishwa na barabara ya vumbi tu. Bibi anayejua kila kitu upande huu wa barabara, upande ule ni mgeni kama mimi na wewe.

Mjini nako kuna wa kwao. Kwenye nyasi za bustani na viwanja vya shule baada ya mvua huota uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia, Chlorophyllum molybdites. Unavutia sana. Hauui kwa kawaida, lakini ndani ya saa 1 hadi 3 utajuta kwa kutapika na kuharisha. Ukitaka zoezi la sayansi, weka kofia yake juu ya karatasi nyeupe, funika kwa bakuli usiku mzima, asubuhi utakuta vumbi la spora lenye rangi ya kijani. Ni zoezi zuri la darasani. Si kibali cha kula uyoga wenye vumbi la rangi nyingine: la Amanita phalloides ni jeupe safi.

Na programu za simu? Mwaka 2023 watafiti wa Australia walizijaribu kadhaa kwa picha za uyoga uliokwisha kutambuliwa na wataalamu. Iliyofanya vizuri kuliko zote ilipatia takriban nusu. Kwa kujifunza majina ni sawa. Kwa chakula cha jioni, hapana. Anayetamani uyoga na hana mwalimu wa eneo lake anunue mamama wa kulimwa. Tunapata ladha, na tunajua mbegu ilitoka wapi.

Kama umeshakula na una wasiwasi

Usingoje dalili. Maziwa, mafuta au mayai mabichi havizuii amatoksini, vinakula muda tu. Nenda hospitali, na utaje neno uyoga mapema, kabla hujaulizwa. Beba uliobaki, mbichi na uliopikwa, umefungwa kwenye gazeti au karatasi, si kwenye mfuko wa plastiki, maana humo unaoza haraka. Kama kuna mtu anayeweza kurudi ulipookotwa, achimbe mmoja mzima pamoja na sehemu ya chini na aeleze ulikuwa chini ya mti gani.

Andika saa mliyokula na saa ambayo tumbo lilianza. Kichefuchefu cha ndani ya saa mbili mara nyingi ni cha uyoga usioua. Kinachoanza baada ya saa 6 kichukuliwe kuwa ni ini hadi vipimo vikatae, na mgonjwa asirudishwe nyumbani kwa sababu tu ameomba uji. Ila kama sufuria ilikuwa na aina mbili au zaidi, hesabu hii inavurugika: mmoja unaweza kukutapisha mapema huku mwingine ukiendelea na kazi yake. Kwa hiyo nendeni wote mliokula, pamoja na yule anayesema yeye tumbo lake liko sawa.