ALTRASAUNDI YA NDANI: KINA DADA, MSIKIMBIE KIPIMO

Wadau, kuna kina dada wanatoka Mkange na rufaa mkononi, nauli ya Bagamoyo imeshatumika, halafu wakisikia kipimo kinapitia ukeni wanageuza. Ngoja niwaeleze kinavyokuwa.

Ile ya juu ya tumbo unakunywa maji mpaka kibofu kijae. Hii kinyume chake, unakwenda kukojoa kwanza. Unavua nguo za chini, unajifunika shuka, unalala chali, magoti umeyakunja. Kinachoingia ni kifimbo laini, kinene kama kidole gumba hivi, kimevalishwa kondomu mpya na kupakwa jeli. Kinaingia kidogo tu, sio chote. Utahisi kubanwa, kikiuma, sema. Dakika 10 mpaka 20 umemaliza. Hakuna mionzi, ni mawimbi ya sauti tu. Hakitoi mimba jamani! Hata ukiwa kwenye siku zako unapimwa.

Kwa nini usumbuke? Kwa sababu kizazi na vifuko vya mayai vinaonekana kwa karibu. Mimba ya wiki 6 hivi unajua iko wapi. Ikiwa imetunga kwenye mrija, siku ukipasuka damu inavujia ndani kwa ndani, na watu wanakufa hivyo.

Ila haki zako zijue. Omba nesi wa kike awepo. Ukitaka, ingiza mwenyewe. Hujawahi kukutana na mwanaume? Sema mapema, watapimia tumboni. Ukisema basi, kinatolewa hapo hapo. Mpimaji asiyevaa glavu na asiyetaka mtu mwingine chumbani, huyo vaa nguo zako, toka, kamshtaki kwa mganga mfawidhi.