Poka: uko mbele, lakini karata moja tu inaweza kukupita

Kuna wachezaji wa poka wenye kupoteza feza kwa kuwa na karata mbaya. Hao ni rahisi kuwaelewa. Wenye ni vigumu kuelewa ni wale wenye kupoteza hata wakati karata zao zilikuwa nzuri kuliko za wote ku meza. Wanaogopa mapema, ao wanachelewa kuogopa.

Tuchukue mufano. Ni poka ya aina ya Texas Hold'em. Kila muchezaji anapewa karata 2 za siri, kisha karata 5 zinafunguliwa katikati ya meza kwa wote: kwanza 3 pamoja, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Kuweka feza kunafanyika mara 4. Kuna aina yenye muchezaji anaweza kusukuma feza yake yote mara moja, ndiyo ile watu wanaona sana ku televizyo. Hapa tunazungumuzia ingine, poka yenye kipimo. Katika hiyo bei imepangwa mbele. Kwa mufano, ku meza ya dola 4 na 8, mara mbili za kwanza mutu anaweka 4, mara mbili za mwisho anaweka 8. Mwenye kupandisha anapandisha kwa kiasi hicho hicho, na mara nyingi kupandisha kunaishia ku mara 3.

Sasa muchezaji iko na 9 mbili, hakuna hata moja ya moyo. Wamebaki watu 4, na mezani muko tayari dola 32. Wanafungua 7, 4 na 2, mbili kati yake ni za moyo. Karibu hakika yeye iko mbele. Lakini kati ya karata 47 zenye hajaona, 20 ni kubwa kuliko 9: makumi, vale, dame, rwa na asi. Tena kuna moyo zenye kubakia. Aweke feza ao apitishe bure?

Aweke. Lakini juu ya nini? Wengi watajibu: juu ya kuwafukuza wengine. Jibu hilo ndilo lenye kuwaharibia watu michezo. Katika poka yenye kipimo, kufukuza watu ni kazi ngumu. Ni kama barieri yenye bei moja: mwenye kutaka kupita analipa, anapita. Mwenye rwa na dame anahitaji karata 6 fulani ili atushinde. Zikiwa 6 kati ya 45, nafasi yake ku karata yenye kufuata ni moja juu ya saba na nusu. Analipa 4 ili apate 36 zenye ziko mezani. Iko na haki ya kulipa, hata akiwa mwenye akili sana. Mwenye kungojea moyo ya tano iko na karata 9 zenye kumusaidia, sawa na moja juu ya tano; huyo hata hatafikiri mara mbili.

Basi feza haiwekwe ili waende. Inawekwa kwa sababu wanalipa wakiwa nyuma. Mwenye kupata karata yake mara 13 tu juu ya 100 ku karata yenye kufuata anatoa dola 4 sawa na mwenye kuwa mbele. Kupitisha bure ni kumuonyesha karata bila kulipa. Na kama mutu mwenye karata 3 tu za kumusaidia analipa, anafanya kosa kabisa, kwa maana nafasi yake ni moja juu ya 15. Akitupa karata zake, pia ni vizuri.

Vigumu vinaanza ku karata ya nne, kwa kuwa bei inakuwa 8. Kama wawili walilipa, mezani muko 44. Ikifunguliwa 3 ya rangi nyeusi, hakuna kilichobadilika: aendelee. Mwenye rwa na dame sasa analipa 8 juu ya 52, na hesabu yake inakuwa karibu sawa kwa sawa.

Lakini ikifunguliwa asi? Hapo inaomba kuhesabu watu, hapana kuhesabu woga. Akibaki mupinzani mumoja tu, mara nyingi hana asi, na kuendelea kuweka kuna maana. Akipandisha, hasa kama si mutu wa kudanganya sana, ni wakati wa kutupa. Wakibaki watatu wenye walilipa bila kusita, inafaa kupitisha. Kusukuma 8 hapo ni kulipwa na wenye kuwa nyuma sana tu, na kupandishiwa na wenye kuwa mbele. Moyo ya tatu nayo ni vile vile, ijapokuwa watu wanaiogopa kuliko inavyostahili: mupinzani wa peke yake hana moyo mbili kila siku.

Ku karata ya tano ulizo lote linageuka, na hapa hata wazoefu wanasahau. Hakuna tena karata ingine yenye kuja. Hakuna kitu cha kulinda. Kuweka 8 kuna faida tu kama, kati ya mara zenye mupinzani atalipa, zaidi ya nusu atalipa na karata mbaya kuliko 9 mbili. Kama hapana, apitishe. Na mupinzani akiweka yeye, asikimbilie kutupa. Kama karata ya nne ilipita bure, mezani muko 44, pamoja na 8 yake ni 52. Kulipa 8 kunafaa hata kama anashinda mara moja tu juu ya mara saba na nusu.

Mwaka wa 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza programu yenye kuitwa Cephe­us, yenye kucheza poka hii ya kipimo karibu bila kosa. Lakini ilikuwa ya watu wawili tu. Ku meza ya watu wanne ao tisa, hesabu hizi zinasaidia kuona njia, na zinaonekana kwa maelfu ya michezo. Usiku mumoja hauonyeshe kitu. Kazino nayo inakata sehemu yake, mara nyingi ku kila mezani yenye kushindwa, ukiwa ulicheza vizuri ao vibaya.