Bunduki ya Vifaru Yavunja Hazina

Mnamo Oktoba 1965, katika mji wa Syracuse, jimbo la New York, Marekani, wezi waliingia katika jengo la Brink's, kampuni ambayo kazi yake ni kulinda fedha za watu. Ilikuwa mwisho wa juma. Hawakuhangaika na kufuli la hazina, bali waliupiga ukuta wake wa zege na chuma kwa silaha ya vita hata ukatoboka, wakachukua zaidi ya dola 400,000.

Silaha yenyewe ni Lahti, bunduki ya Kifini ya milimita 20, yenye uzito wa kilo 50 hivi, iliyotengenezwa ili kutoboa vifaru. Kabla vita havijaisha, vifaru vipya vilikwisha kuvikwa chuma kinene kuishinda. Ajabu ni kwamba bunduki iliyoshindwa vitani iliishinda hazina! Na baada ya vita hiyo ikauzwa Marekani kama bidhaa nyingine yoyote, hata kwa kuagiza kwa posta.

Walipokwisha, waliitupa baharini karibu na Jones Beach, kisiwani Long Island. Lakini maji hayakuificha: makachero wa FBI waliiopoa, na watu wakakamatwa.

Mwaka 1968 sheria mpya ikaziweka silaha za namna hiyo katika kundi moja na mabomu. Tangu hapo mwenye kuitaka hana budi kuiandikisha serikalini na kulipa kodi ya dola 200, iliyozidi bei ya bunduki yenyewe ilipokuwa ikitangazwa magazetini.