SHABANA: TIMU ILIYOPEWA JINA LA DUKA

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Wenzangu katika chama chetu cha Kiswahili wameandika juu ya ngano, vitendawili na ushairi. Mimi nimeonelea niwaeleze kuhusu kitu ambacho huzungumzwa katika shule hii kuanzia Jumatatu asubuhi hadi Ijumaa jioni, lakini ambacho wachache wetu wanajua kilikotoka. Nacho si kingine ila klabu ya kandanda ya Shabana, timu ya Kisii.

Swali la kwanza ambalo watu huuliza ni hili: Shabana ni neno la lugha gani? Ukimwuliza mwanafunzi wa kidato cha kwanza atakwambia ati ni jina la shujaa wa kale wa Abagusii. La, hasha! Jina hilo si la Ekegusii hata kidogo. Klabu ilianzishwa mwaka wa 1980, na mdhamini wake wa mwanzo alikuwa duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii lililoitwa Shabana Hardware. Yaani mahali ambapo mtu alikwenda kununua misumari, mabati na rangi ndipo timu ilipopata jina lake. Duka lilitoa jina, vijana wakatoa miguu, na umma ukatoa sauti.

Ili tuelewe umuhimu wa jambo hilo, ni lazima tutazame hali ilivyokuwa wakati huo. Vilabu vikubwa vya Kenya vilikuwa vimejengwa juu ya ukabila. Palikuwa na Abaluhya, iliyoanza mwaka wa 1964, na Gor Mahia, iliyoanza mwaka wa 1968 na kuchukua jina la mganga maarufu wa Waluo. Mnamo 1980 serikali iliamuru vilabu viache majina ya kikabila. Abaluhya wakageuka kuwa AFC Leopards, na Luo Union wakawa Re-Union. Shabana ilizaliwa mwaka huohuo ikiwa na jina lisilo la kabila lolote, ingawa mashabiki wake wengi walikuwa, na hata leo ni, Abagusii. Mimi naona hilo ni somo zuri. Timu inaweza kupendwa na watu wa mahali fulani bila kumfungia mtu mwingine mlango. Mlango wa duka huwa wazi kwa kila mwenye haja.

ENZI ZA KUTAMBA

Katika miaka ya themanini Shabana ilipanda hadi ligi kuu na kuwatia kiwewe vigogo wa Nairobi. Wakati huo hapakuwa na simu za mkononi wala mechi za Uingereza kila Jumamosi katika vibanda vya video. Watu walikusanyika kando ya redio wakasikiliza watangazaji kama marehemu Leonard Mambo Mbotela, ambaye aliweza kumfanya msikilizaji aliyeketi jikoni aone mpira kwa masikio. Mzee mmoja wa kijijini kwetu aliniambia kwamba siku Shabana wanacheza, hata ng'ombe walichelewa kukamuliwa.

Nyota wa enzi hizo ambaye jina lake halijafutika ni mshambuliaji Henry Motego, ambaye pia alichezea timu ya taifa, Harambee Stars. Waulize wazazi wenu, watawaambia. Kijana wa milimani kuitwa katika timu ya taifa lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu eneo letu lilikuwa likijulikana zaidi kwa wanariadha. Nyantika Maiyoro alikimbia katika Olimpiki ya 1956, na Naftali Temu, mzaliwa wa upande wa Nyamira, akailetea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki huko Mexico mwaka wa 1968 katika mbio za mita 10,000. Shabana ilionyesha kwamba miguu yetu inajua pia kupiga gozi.

Hata hivyo, tusidanganyane. Pamoja na sifa zote hizo, Shabana haijawahi kutwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya hata mara moja. Wageni wanaposikia kelele za mashabiki hudhani wana kabati lililojaa vikombe. Kumbe wanashangilia timu na wala si vikombe.

MAANA YA "TORE BOBE"

Msemo wa mashabiki ni "Tore Bobe", na timu yenyewe huitwa hivyo. Kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili, acha niutafsiri. "Tore" ni "tuko" na "bobe" ni "vibaya". Basi ukitafsiri neno kwa neno utapata "tuko vibaya", na Mswahili atakupa pole akidhani umefiwa! Lakini maana inayokusudiwa ni kwamba sisi ni moto wa kuotea mbali, usitujaribu. Ni kama vile vijana wa mtaani wanavyomsifu mchezaji hodari kwa kusema, "Huyo jamaa ni mbaya!"

Msiba ni kwamba wachache huchukua tafsiri ile ya kwanza. Mwamuzi akipuliza filimbi wasivyopenda, mawe yanaruka. Fujo zimetokea katika viwanja vingi vya nchi hii, na sisi hatukubaki nyuma. Mashabiki wa aina hiyo hawajui kwamba wanaiumiza timu yao wenyewe. Klabu hutozwa faini, inaweza kupokonywa pointi au kuamriwa icheze bila watazamaji, na bila watazamaji hakuna mapato.

KUANGUKA NA KUINUKA

Mwaka wa 2006 Shabana iliteremka kutoka ligi kuu. Wengine walisema wamekwisha. Iliwabidi kucheza katika madaraja ya chini kwa miaka 17, wakizuru viwanja visivyo na nyasi wala vyumba vya kubadilishia nguo. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 2006 aliingia shule ya msingi na hata sekondari bila kuiona Shabana katika ligi kuu.

Kwa nini timu yenye mashabiki wengi kiasi hicho inaanguka? Acha niwaeleze kwa hesabu kidogo. Ligi kuu ina timu 18. Kila moja hukutana na nyingine 17 mara mbili, nyumbani na ugenini, kwa hivyo ni mechi 34 kwa msimu, na 17 kati ya hizo ni za safari. Kutoka Kisii hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300, na kutoka Nairobi hadi Mombasa ni nyingine 480 hivi. Chukulia kwamba mechi moja ya nyumbani imeleta watu 3,000 na kila mmoja akalipa shilingi 200. Hizo ni shilingi 600,000. Ukitoa malipo ya uwanja, walinzi, waamuzi, basi la kwenda Mombasa, malazi na chakula cha watu 25 kwa siku tatu, halafu ukumbuke mishahara ya mwezi mzima, utaona fedha zimeyeyuka kama sukari ndani ya chai. Na je, mvua ya alasiri ikinyesha, kama ilivyo desturi yake hapa Kisii, na watu wakabaki nyumbani? Ndiyo maana timu isiyo na mdhamini wa kudumu hushindwa hata kama wachezaji wake ni hodari.

Wala si sisi tu. Huko Uswisi kuna klabu inayoitwa Grasshopper, yaani Panzi, ya mji wa Zürich. Iliundwa mwaka wa 1886 na imetwaa ubingwa wa nchi hiyo mara 27, zaidi ya klabu nyingine yoyote ya huko. Panzi hao nao waliteremshwa daraja mwaka wa 2019, wakarudi mwaka wa 2021. Ikiwa nchi ya mabenki na saa inaweza kuona timu yake kongwe ikianguka, basi sisi wa ndizi na chai tusijione tumelaaniwa. Tofauti ni kwamba wao walikaa chini miaka miwili, sisi kumi na saba.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Katika msimu wa 2022/2023 Shabana ilishika nafasi ya kwanza katika ligi ya daraja la pili, ikapandishwa pamoja na Murang'a SEAL. Mji wa Kisii ulirindima. Akina mama wa soko waliacha mafungu ya mboga wakacheza na vijana barabarani. Msimu uliofuata ulikuwa wa taabu, kwani timu ilipepesuka karibu na shimo la kuteremka, ikanusurika. Kisha katika msimu wa 2024/2025, ambao Kenya Police walitwaa ubingwa kwa mara yao ya kwanza, Shabana ilipigana na vigogo katika nusu ya juu ya jedwali.

UWANJA NA MPAKA

Nyumbani kwa Shabana ni Uwanja wa Gusii, katikati ya mji wa Kisii. Ulikarabatiwa na ukatumiwa kwa sherehe za kitaifa za Mashujaa tarehe 20 Oktoba 2020. Uwanja huo ni mali ya umma wala si ya klabu. Kwa hivyo timu ina jina la duka, uwanja wa umma, na mfuko wa mdhamini. Kilicho chake hasa ni mashabiki.

Na mashabiki hao wanatoka pande zote. Tangu 2013 tuna serikali za kaunti mbili, Kisii na Nyamira, na hapa Keroka mpaka unapita katikati ya mji. Viongozi hugombania ni nani achukue ushuru wa soko lipi. Wanafunzi nao hutaniana: wa upande wa Nyamira huambiwa watafute timu yao. Lakini siku ya mechi, matatu kutoka Nyamira, Ogembo, Suneka na Keroka zote huelekea mahali pamoja, na hakuna kondakta anayemwuliza abiria kitambulisho chake ni cha kaunti gani.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yatailinda klabu hii isirudi shimoni. Kwanza, iandikishe wanachama wanaolipa ada ndogo kila mwaka, ili mdhamini mmoja akiondoka nyumba isianguke. Pili, ijenge timu za vijana katika kaunti zote mbili, kwa sababu wapo wavulana na wasichana wanaopiga mpira wa makaratasi na kamba za migomba ambao hakuna mtu amewahi kuwatazama. Tatu, mashabiki tushangilie kwa midomo na tuyaache mawe yajenge nyumba.

Walimu wangu na wanafunzi wenzangu, kabla ya kutaja timu za Manchester na London usiku na mchana, tuijue kwanza iliyo mlangoni petu. Tore Bobe, lakini tuwe wema!