Kovu Lisiloua

Kovu la kawaida hutulia jeraha likishafunga. Keloidi haitulii: seli zinazotengeneza kolajeni huendelea na kazi, nyama ikaota hata kuvuka mipaka ya jeraha lenyewe, hasa kwenye ndewe za masikio, kifuani, mabegani na tayani. Kwa kuwa si saratani wala haiui, watu huiita shida ya urembo. Ushahidi unakataa. Mwaka 2006 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya wagonjwa 100 wenye makovu yaliyoinuka, wakaonyesha kuwa maisha yao yalikuwa yameathirika kimwili na kinafsi. Anayekosa usingizi kwa mwasho usiku wa joto kisiwani Mombasa hasumbuliwi na kioo.

Atakuja mtu aseme: Mji wa Kale wanawake huvaa buibui na mtandio, nani atayaona masikio? Hoja hiyo inaishia barabarani. Kwenye harusi za wanawake buibui huvuliwa, na vipuli ndivyo vinavyotazamwa. Mwenye uvimbe ndeweni atabaki amejifunika huku akiulizwa kulikoni, au hatakwenda kabisa. Mtandio wenyewe husugua, na kila anapotawadha mkono hupita palepale. Mwanamume mwenye makovu kidevuni hana hata hicho cha kujisitiri, na kinyozi anamngoja na wembe. Dodoso la maswali 10 lililotungwa Cardiff mwaka 1994 kupima athari za magonjwa ya ngozi huuliza hata kuhusu kazi za bustani. Ni kipimo kizuri, lakini Mji wa Kale ningemwuliza mgonjwa kwanza ameacha kwenda harusi ngapi.

Basi kovu hilo si likatwe tu? Likikatwa bila tiba nyingine, hurudi kwa takriban nusu ya wagonjwa au zaidi, pengine likiwa kubwa kuliko mwanzo. Huhitajika sindano za steroidi kila baada ya wiki kadhaa, silikoni, kubana ndewe, mara nyingine mionzi. Yaani nauli na siku za kazi zinazopotea. Anayesema hospitali zina magonjwa mazito zaidi ana haki, ila kinga haigombanii kitanda na mtu. Utafiti mdogo wa Marekani wa mwaka 2005 ulionyesha kuwa waliotogwa masikio wakiwa na miaka 11 au zaidi walipata keloidi mara nyingi kuliko waliotogwa wadogo. Kwa hiyo wasiwasi wangu hauko sana kwa kichanga anayetogwa, bali kwa binti anayeongeza tundu la pili na la tatu akishabaleghe. Kama mama, shangazi au ndugu yake ana kovu la namna hiyo, vipuli vya kubana vitamfaa zaidi.