Cheti cha Babu

Juzi baada ya sala ya alasiri nilivuka kivuko kwenda Likoni kumjulia hali dada yangu. Nilimkuta mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Mombasa, ametandaza karatasi zake mkekani: barua ya kukubaliwa chuo cha ng'ambo, na vyeti vya shule vilivyokwisha kutafsiriwa kwa Kiarabu. Kilichokosekana ni pasipoti.

“Mjomba, wanataka cheti cha kuzaliwa cha babu,” aliniambia.

Babu yake alizaliwa Mtongwe, na mkunga alikuwa bibi wa nyumba ya pili. Cheti atakitoa wapi? Na mimi yalinifika hayo hayo ujanani. Pasipoti yangu ilitoka muhula umekwisha kuanza, nafasi kapewa mwingine. Sitaki kijana huyu aje kusimulia kama ninavyosimulia mimi.

Msomaji, watu wetu hawakuwa wageni wa safari za elimu. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichofunguliwa 1961, kimewapokea vijana wengi wa pwani, kikiwapa masomo bure, malazi na posho. Wengine wameingia Al-Azhar, Misri.

Naye marehemu Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa wa 1933, alipasi mtihani wa Cambridge kwa daraja la tatu, wala Makerere haikumchukua. Mlango wake ulifunguliwa na hotuba aliyoitoa kwenye sherehe ya Maulidi, mbele ya Gavana Philip Mitchell. Mwaka 1955 akaenda Uingereza kwa msaada wa serikali. 1960 akapata shahada Manchester, kisha Columbia, na 1966 udaktari wa Oxford. Makerere ile ile ikampa uprofesa mwaka 1965! Lakini magavana hawasikilizi hotuba za Maulidi kila mwaka.

Na kurudi nako kuna yake. Shahada ya nje hupelekwa kwanza kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ipimwe na itambuliwe. Nimemshauri mpwa wangu aulize jambo hilo kabla hajapanda ndege pale Changamwe, asije akalijua akiwa na joho begani.

Jumatatu, inshallah, tutavuka pamoja, tukifuatana na mzee mmoja wa Mtongwe aliyesoma chuoni na babu yake. Yuko tayari kula kiapo. Muhula waanza Septemba.